Yaliyokuwa Ndani ya Disketi ya Mwalimu

Kuna shule moja nje kidogo ya Sotik ambayo mpaka leo nikipita mbele ya lango lake naangalia upande wa pili wa barabara, kana kwamba kuna kitu cha maana sana kule kwenye majani chai, na nikiulizwa Chelangat unaangalia nini nasema naangalia ng'ombe. Hakuna ng'ombe. Ni aibu tu, aibu ya zaidi ya miaka ishirini na mitano ambayo haijazeeka hata kidogo, kwa hiyo leo naisema yote, mcheke mmalize, nami nipite barabara hiyo kama watu wengine.

Yote yalianza na nywele zangu, lakini kabla ya nywele lazima niwaambie kuhusu Mwalimu.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea kuisha na mimi nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya kiwanda kimoja cha majani chai. Nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu kutoka Nakuru (nilikuwa nimekiwekea fremu, nani angenizuia), na kwa sababu hapakuwa na mwingine pale mwenye cheti kama hicho watu waliniita mtaalamu, nami nikalikubali jina hilo haraka kuliko ilivyofaa. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, skrini ya buluu na herufi nyeupe, haina mausi, kila kitu unafanya kwa kubonyeza vile vitufe vya juu vya kibodi, na kazi ya kila kitufe nilikuwa nimeiandika kwa karatasi nikaibandika ukutani nisije nikaumbuka.

Basi siku moja Mwalimu Sigei akaingia ofisini na mfuko wa unga uliojaa madaftari. Huyu ndiye aliyenifundisha a, e, i, o, u, na kwake mimi sikuwa mtaalamu wa chochote.

"Lakwet," akaniambia, maana kwake hata mtu wa miaka hamsini ni mtoto, "hizi ni hadithi za mama watoto, yule wangu marehemu. Nimeziandika zote. Lakini sasa macho inaniacha. Mwandiko wangu mwenyewe siuoni. Daktari anasema ni mwaka huu, ama ule unakuja."

Nikamwambia pole. Akasema hakuja kutafuta pole.

"Nimesikia kompyuta inaweza kufanya herufi ikue kubwa kama kidole. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Basi uniandikie. Nataka nisome kitabu yangu mbele ya watu, mara moja tu, na macho yangu mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini asiwasimulie tu, si anazijua hadithi zake? Akaniangalia vile alivyokuwa akituangalia tukikosea hesabu. "Kusimulia, kila mtu anasimulia. Mimi nimefundisha watu kusoma miaka thelathini na moja. Nataka kusoma."

Nilianza wiki hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, wengine wakienda kula mimi nabaki na daftari la Mwalimu na chai ya thermosi. Ilichukua miezi minane. Na hapa ndipo penye mzizi wa mambo, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Ile programu ya skrini ya buluu ilikuwa na kitu kimoja kizuri sana: ungeweza kuandika maoni yako katikati ya kazi, yakajifungia ndani ya kisanduku, na ukichapisha hayatoki kwa karatasi. Tena ukitaka unayaficha kabisa, hata kwenye skrini huyaoni. Kule Nakuru walituambia karani mzuri hutumia maoni kujikumbusha. Nami nikawa karani mzuri. Mwanzoni niliandika maswali ya kweli, neno hili silisomi, jina hili ni la mtu au la mto, uliza Mwalimu. Lakini saa ya mchana peke yako, mvua inapiga mabati, huna wa kuongea naye, unaanza kuongea na kisanduku. Nikaandika kuhusu chai baridi. Nikaandika kuhusu watu wa ofisi. Nikaandika na mengine ambayo mtafika tu. Kisha nikayaficha, nikaendelea na maisha, na baada ya muda nikasahau kabisa kwamba yapo.

Sasa kompyuta ya ofisi haikuweza kukuza herufi, kwake herufi ni saizi moja tu, upende usipende. Lakini ile shule ya Sotik, ambako Mwalimu alifundisha miaka yake ya mwisho, ilikuwa imepata kompyuta mpya, ya mausi na madirisha, skrini pana, herufi unazikuza mpaka uchoke. Mwalimu mkuu akasema karibuni Jumamosi, ukumbi upo, tutaita watu. Odhiambo, fundi wa stima wa kiwanda, akajitolea kuleta maikrofoni na spika. (Odhiambo watu wao ni wa upande wa ziwa, lakini yeye alizaliwa hapa hapa kwenye laini za wafanyakazi na Kipsigis anakiongea kuliko watoto wa dada yangu.)

Alhamisi Odhiambo akasimama mlangoni pangu. "Chelangat, si kesho uende Sotik ujaribu hiyo disketi kwanza? Ile mashine yao si kama hii yako."

"Disketi ni disketi, Odhiambo," nikamjibu, bila hata kuinua macho. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya Ijumaa mchana, ni kweli, na ningeweza kwenda Sotik, lakini niliitumia kwa saloni. Nilisukwa kwa saa tano nzima. Nilitaka siku ya Jumamosi, watu wakisema huyo ndiye mtaalamu aliyeweka kitabu kizima ndani ya disketi, wawe wanaangalia kichwa kinachofaa kuangaliwa. Nilipendeza kweli, hilo hakuna aliyebisha hata baadaye.

Ukumbi ulijaa kabla ya saa sita. Wanafunzi wa zamani wa Mwalimu walikuja, wengine na watoto wao, watu wa kanisa, wamama wa kikundi cha mama yangu wakakaa safu mbili za mbele, na bosi wangu pia, kwa suti, maana alisikia kuna chakula. Watoto watatu wa Mwalimu, vijana wawili na binti mmoja, wote watu wazima na familia zao, walikuwa wamekaa pembeni. Kompyuta ilikuwa mezani, Mwalimu kwenye kiti mbele yake, pua karibu iguse skrini, maikrofoni mdomoni, na mimi kando yake kwenye kibodi. Watu hawakuweza kuona skrini, waliona nyuma ya mashine tu, lakini walifurahi hata kwa hiyo.

Nikaingiza disketi, nikafungua programu, nikaagiza inionyeshe faili. Hakuna kitu. Nikatoa disketi, nikaipuliza (usiniulize kwa nini, wote tulipuliza siku zile), nikairudisha. Hakuna kitu. Miezi minane, hakuna kitu. Jasho likaanza kutoka pale palipokazwa nywele.

Kumbe haikuwa tupu. Programu ile mpya ilikuwa na tabia ya kuonyesha faili za ukoo wake peke yake, zile ambazo jina linaishia na herufi tatu inazozijua, nyingine inazipita kama haikuziona. Nikatafuta mpaka nikapata mahali pa kuambia mashine ionyeshe zote, na hapo nikaiona: KITABU.SIG. Hizo SIG niliziweka mimi mwenyewe, za Sigei, nikidhani nafanya jambo la heshima. Nikaifungua. Mashine ikasema haiijui hii ni nini.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama aseme, wazee wangu, samahani, faili hii ni ya programu nyingine, nipeni mpaka Jumatatu niibadilishe kule kwenye mashine yake. Watu wangekula, wangeenda nyumbani, na leo ningekuwa napita Sotik nimeinua kichwa. Lakini nikaangalia lile jina na kitu kikaniambia tatizo ni jina. Na kwa nini nilifikiria hivyo? Kwa sababu mimi ni mtoto wa Kipsigis. Kwetu mtoto akizaliwa wamama wazee wanakaa wanaita majina ya watu wa ukoo waliotangulia, moja baada ya jingine, na mtoto akipiga chafya kwa jina fulani basi ni huyo amerudi, ndilo jina lake; sisi tunaita kurenet. Mimi nilikataa sita, nikapiga chafya kwa la saba. Kwa hiyo pale mbele ya watu, cheti cha Nakuru kikiwa kwenye fremu nyumbani, nikaona ni jambo la kawaida kabisa kuita faili majina mpaka ijibu.

"Kuna shida gani?" Mwalimu akauliza, na maikrofoni ilikuwa imewashwa.

"Inakataa jina, Mwalimu. Natafuta jina itakubali."

Mama yangu alikuwa safu ya pili na masikio yake hayajawahi kuwa na shida. Akawaambia wenzake, "Wanafanyia hiyo kitu kurenet!" Ukumbi mzima ukacheka, na wamama wakaingia kazini.

Nikabadilisha SIG nikaweka DOC. Mashine ikakoroma, ikakataa. "Imekataa huyo!" mama mmoja akatangaza. "Ita mwingine!" Nikaweka nyingine niliyoikumbuka kutoka Nakuru. Ikakataa. "Jaribu ya upande wa mama yake!" Watu walikuwa wanafurahi, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nafurahi pia, hofu ilikuwa imenitoka, nilikuwa nataka tu kujua itakubali ipi. Nikaweka TXT. Ikanyamaza kidogo, taa ya disketi ikawaka, na ikafunguka.

"Imepiga chafya!" nikasema, na vigelegele vikapaa.

Nikakuza herufi, Mwalimu akasogea. Akasoma kwa maikrofoni kile kilichokuwa mbele yake: "Hii ni u... hapana, y yenye nukta mbili juu. Sanduku. Sanduku. Sanduku. D imekatwa tumbo. Halafu kuna jina la printa." Akanigeukia. "Lakwet, hii si yangu."

Sasa najua ni nini kilichotokea. Kubadilisha jina la faili ni kama kubadilisha lebo ya kibuyu, mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, iliyo ndani inabaki ile ile. Mashine mpya ilikubali kuisoma, lakini kwa sababu haikujua programu ya zamani ilikuwa imeficha nini wapi, ilitoa kila kitu nje, maandishi na matumbo yake. Lakini siku hiyo sikujua hayo. Nilishuka chini kidogo nikaona maneno ya hadithi, mazima, yana alama za ajabu hapa na pale tu, nikashukuru Mungu. Nikazidi kukuza herufi mpaka maneno sita yakajaza skrini, nikasema, "Sasa, Mwalimu. Soma."

Akasoma. Nawaambia ukweli, kwa dakika kumi za kwanza ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuwa nazo kazini. Sauti yake ya darasani ilirudi. Alikuwa anafuata kila neno kwa kidole kwenye kioo, mimi nabonyeza mstari ushuke, na akikuta alama hizo anasema "hapa kuna takataka" na kuendelea.

Kisha akasoma, bila kubadilisha sauti: "Msichana akajificha chini ya mti. Uliza Mwalimu mti gani, ule wa karibu na mto ama mwingine." Akasimama. "Hii ya mwisho sikuandika mimi. Lakini ni swali nzuri. Ni ule wa karibu na mto."

Watu wakacheka. Mimi nilikumbuka visanduku vyangu vya maoni, vyote kwa mpigo, zaidi ya sitini, nikakumbuka pia ni nini nilichoandika ndani yake, na nikajua mashine imevitapika vyote na mbele yangu kuna mzee ambaye anasoma kila neno analoliona kwa sauti kubwa kwa sababu hajui kama ataliona tena.

Nikaomba mvua. Kwetu mvua ya saa nane huwa haikosi, inapiga mabati mpaka huwezi kusikia jina lako. Siku hiyo jua lilikuwa linawaka kama la Kisumu.

"Zimwi likalala usingizi mzito," Mwalimu akaendelea. "Bosi anasema hadithi hizi zinapoteza stima ya kiwanda. Yeye mwenyewe analala saa saba mpaka saa tisa, mdomo wazi, na taa amewasha." Akafikiri. "Hii pia si yangu."

Sikuthubutu kuangalia alipokaa bosi. Nilisikia tu mtu akicheka halafu akikohoa ili kuficha kicheko.

Nikaamua kuruka. Kila nikiona maneno yangu yanakuja chini ya skrini nabonyeza haraka mistari mitatu minne ipite. Lakini nilisahau nafanya kazi na nani. Mwalimu alikuwa anakijua kitabu chake kama sala ya Baba Yetu uliye mbinguni, na nikiruka kisanduku naruka na sentensi zake. "Rudi nyuma," akasema. "Mbona unaruka kitabu yangu?"

"Mwalimu, hapo kuna takataka tu."

"Takataka nitaiona mwenyewe. Rudi."

Nikarudi. Kwa haraka nikabonyeza kupita kiasi, na iliyokuja juu ya skrini, maneno sita sita, ilikuwa hii: "Odhiambo amepita mlangoni mara ya tatu leo na ile shati ya buluu. Ni stima gani inakaguliwa mara tatu kwa siku? Kama anakuja kwa ajili yangu nitajuaje? Uliza mtu."

Odhiambo alikuwa amesimama kando ya spika. Na alikuwa amevaa nini? Alikuwa amevaa ile shati. Ukumbi ulipasuka. Wamama walipiga makofi, mmoja akasema "Si uulize sasa!" na mama yangu akafunika uso kwa leso, lakini mabega yalikuwa yanatingishika. Odhiambo aliinama akaanza kukaza waya ambao haukuwa umelegea. Nilitafuta kwa macho mahali waya wa kompyuta umeingia ukutani, niuchomoe. Ulikuwa upande wake.

Lakini hayo yote bado ni kicheko. Mtu akikucheka kwa sababu ya shati anakucheka halafu anaenda. Linalonifanya niangalie ng'ombe wasiokuwepo ni linalofuata.

Katika madaftari ya Mwalimu kulikuwa na hadithi moja iliyoandikwa mara tatu, ya msichana aliyempelekea zimwi kibuyu cha mursik ili amwachilie ndugu yake. Mara tatu, tofauti ndogo ndogo. Na juu ya ile ya tatu mimi nilikuwa nimeandika kitu. Nilikiona kinakuja na safari hii sikuruka, maana nguvu zilikuwa zimeniisha.

"Hii tena!" Mwalimu akasoma. "Mara ya tatu! Mwalimu anafikiri hatukusikia, ama anajaza daftari tu kama wanafunzi wake?"

Watu walianza kucheka halafu wakaacha, kwa sababu yeye hakusema "hii si yangu." Kidole chake kilibaki kwenye kioo, juu ya maneno yangu.

"Ni wewe umeandika hii?" akaniuliza.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Hizi maneno zote?"

"Zote."

Akageuza kiti akaangalia watu, ingawa sidhani alikuwa anaona zaidi ya vivuli. "Karani ameuliza vizuri," akasema. "Nitawajibu. Hadithi hii mama alikuwa anaambia watoto kila jioni, na mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo, kwa meza, nasahihisha madaftari ya watoto wa wengine. Sikuwa nasikiliza. Alipoenda nikauliza hawa watatu wangu. Kila mmoja akaniambia yake. Sasa sijui ni gani ya mama yao. Ndiyo nimeandika zote tatu. Nilifikiri nikisoma kwa sauti pengine masikio itakumbuka."

Nataka mnielewe. Nimewahi kuanguka kwenye matope mbele ya wachumba. Nimewahi kuimba kanisani wimbo ambao wengine walikuwa wamemaliza. Hakuna aibu kama kukaa na nywele mpya mbele ya mzee aliyekufundisha kusoma, ukigundua kwamba miezi minane ulikuwa unacheka kidonda chake na kwamba hukuwahi hata kumuuliza.

"Mwalimu, tuzime," nikamwambia kwa sauti ndogo. "Nitaisafisha, nitakuletea safi."

"Macho haitangoja usafishe. Shusha."

Nikashusha. Akasoma ile ya tatu, mstari kwa mstari, na mimi nalia pembeni na kubonyeza. Nilijua mwisho wa hadithi kuna kisanduku kingine, niliona ile alama ya y na nukta zake ikija, na sikukumbuka hata kidogo niliandika nini humo. Nilifikiri itakuwa mbaya zaidi. Nilifikiri, Mungu, nilisema nini tena kuhusu huyu mzee?

Akasoma: "Nimemaliza kuandika ya tatu na nimeisoma tena. Hii ndiyo ya mama mwenyewe. Kwa zile mbili msichana anamimina maziwa kwa kibuyu kwanza ndio anaanza kutafuta mkaa. Hakuna mwanamke anaweza kusema hivyo. Kwa hii anachoma kijiti cha mti wa senetwet, anasugua kibuyu ndani, anangoja kipoe, anakung'uta, ndio anamimina. Huyu ni mtu aliyefanya hiyo kazi na mikono yake. Usisahau kumwambia Mwalimu."

Usisahau kumwambia Mwalimu. Niliandika hivyo, nikakifunga kisanduku, nikaenda kunywa chai, na nikasahau.

Kisha mama yangu, ambaye hajawahi kumaliza ibada bila kuongea, akasimama kule safu ya pili. "Mwalimu, ni kweli. Mkaa ni kwanza. Ukimimina maziwa kwanza utasugua nini?" Wamama wote wakaanza kusema ni kweli, ni kweli, mkaa ni kwanza, na wale vijana wawili wa Mwalimu wakaangaliana, na binti yake, ambaye ile ya tatu ilitoka kwake, akaweka kichwa chini akalia waziwazi.

Mwalimu aligusa kioo pale maneno yalipoishia. "Mimi mursik naijua ikishafika kwa kikombe," akasema polepole. Halafu akaniambia, "Rudisha juu. Hiyo ya tatu. Kutoka mwanzo."

Akaisoma tena yote. Na mara hii hakusoma kama mwalimu wa darasa, alisoma polepole sana, anasimama mahali ambapo hapakuwa na nukta wala mkato, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema.

Mvua ilikuja saa tisa, wakati hakuna tena aliyeihitaji.

Jumatatu nilipata barua ya onyo kutoka kwa bosi, ambayo ilibidi niichape mimi mwenyewe. Wiki hiyo hiyo nilijifunza kitu ambacho kingenichukua dakika mbili tu: kule kwenye mashine ya zamani, kitufe kimoja, unaiambia ihifadhi faili kama maandishi matupu, na mashine yoyote duniani itayasoma, bila sanduku, bila y, bila printa. Na bila maoni, yote yanabaki nyuma. Nikampelekea Mwalimu kazi safi. Akaniuliza, "Na ile yako ya mwisho iko wapi?" Nikamwambia imetoka pamoja na takataka. Akasema niirudishe, hiyo moja tu, chini ya hadithi ya tatu, na jina langu. Ikabidi niiandike upya, na nilikuwa nimeikariri kila neno. Zile hadithi mbili nyingine hakuzitoa, alisema vijana wake wasije wakafikiri amewatupa.

Macho yake yaliisha kabla ya Krismasi. Hakusoma tena mwenyewe. Ila kila nilipopita kwake aliniomba nimsomee ile ya tatu, na nikifika kwenye mkaa ananiinulia mkono nisimame kidogo.

Kuhusu ile shati ya buluu, sasa ni matambara ya kupangusa meza jikoni kwangu, mengine jazeni wenyewe.

Na mimi tangu siku hiyo sijawahi kuita faili majina. Nikipewa disketi, na baadaye hizi za kisasa, naenda kuijaribu kwa mashine ya mwenyewe kabla ya kwenda saloni. Nikimaliza kuandika chochote nafunga mlango, naisoma yote kwa sauti, na kama kuna kitu nilisema ningemwambia mtu, nachukua viatu naenda kumwambia siku hiyo hiyo.